Sifa za Maji ya Moto

Washairi wameimba mvua, mito na hata umande. Maji ya moto hayajapata wakili, nami nimejitolea, kwa niaba ya vijana wa Bute, mji wa Kaunti ya Wajir nchini Kenya, wanaokwenda kusoma China.

Mtu wa Bute hafundishwi thamani ya maji. Kiangazi kikikaza, maji huja kwa lori au mkokoteni wa punda, na mtungi wa lita 20 hugombewa. Sasa mchukue kijana huyo, mpandishe ndege, mshushe Guangzhou mwezi wa Septemba, jasho likimtiririka, koo limekauka. Anaomba maji. Anapewa yanayofuka mvuke. Akitaka ya baridi, anatazamwa kwa huruma, kama mgonjwa anayekataa dawa. Wengi hununa hapo. Wanakosa adabu: mwenyeji amejitokeza, nao hawamwamkii.

Maana nani mwingine aliwapokea? Polisi wanataka mgeni aandikishe makazi ndani ya saa 24. Kibali cha ukaazi kiombwe ndani ya siku 30, na kabla yake kuna kupimwa damu na kupigwa picha ya kifua, tumbo tupu tangu jana. Dukani watu hulipa kwa simu, kwa WeChat au Alipay, na M-Pesa, fahari yetu, haipokelewi. WhatsApp imefungwa; hooyo, yaani mama, yuko Bute, simu mkononi, ameshaanza kumsomea mwanawe dua za msafiri aliyepotea. Hata twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415 alipata mapokezi mema zaidi: aliitwa mnyama wa baraka, wala hakuna aliyemdai picha za pasipoti.

Maji ya moto hayadai fomu. Yako uwanja wa ndege, yako stesheni, yako ndani ya behewa la treni, yako kwenye korido ya bweni. Na yana nasaba, si watoto wa jana. Tiba ya jadi ya China ilikwisha kusema kuwa baridi huudhi tumbo. Serikali ya China chini ya Chiang Kai-shek ikayahimiza kuanzia 1934. Kampeni ya afya ya mwaka 1952 ikayafikisha hadi vijijini. Sisi ambao kipindupindu, ugonjwa wa maji machafu, kilitupitia Garissa na Wajir mwaka 2023, tucheke kwa kiasi.

Wanasema yanaunguza ulimi. Hiyo ndiyo fadhila yake kubwa. Hayanyweki mbiombio, kwa hiyo kijana hulazimika kusimama pale kwenye chumba cha maji jioni, thamosi nyekundu na kijani zimepangwa sakafuni chini ya bomba, na akisimama husikia mtu wa Unguja akilalamikia foleni kwa Kiswahili. Udugu huanzia hapo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ina vipeperushi vizuri sana, lakini haijawahi kuunganisha watu hivyo.

Kisha njaa. Mkahawa wa halali wa chuo hufungwa mapema, mgeni hajui, anafika taa zimezimwa. Ndipo begi linapofunguliwa: majani ya chai ya Kericho, iliki, tangawizi kavu, maziwa ya unga, sukari isiyopimwa. Maziwa ya ngamia hayapo, tusidanganyane. Ila maji yakimiminwa na iliki ikapanda puani, chumba kizima kinanukia shaah, chai ya kwetu, na jirani kutoka Sudan anagonga mlango akiwa na kikombe chake. Ule utando mweupe wa chokaa kwenye kitako cha birika, huko kaskazini mwa China, usimtishe aliyekulia maji ya visima vya Wajir.

Lawama moja naikubali: thamosi huibwa. Mwizi ana jicho, huchukua mpya na kukuachia yenye kizibo kilicholegea. Vijana wetu huandika BUTE ubavuni kwa kalamu nzito, herufi kubwa. Zinaendelea kuibwa, lakini jina la mji limeshafika mabweni ambayo ubalozi haujayafikia.