Baiskeli Isiyohitaji Kulelewa

Ukitaka kujua Kitale ina maprofesa wangapi wa baiskeli, tamka tu mbele za watu kwamba unatafuta moja ya kwendea kazini. Mimi nilitamka kibandani pa chai. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshauriwa na mwuza mbolea, na makanga wa matatu za Bungoma, na mzee mmoja ambaye kwa kauli yake mwenyewe mara ya mwisho kupanda baiskeli ni enzi za Kenyatta wa kwanza.

Na ombi langu lilikuwa dogo. Sitaki ya mashindano wala ya kukwea Mlima Elgon. Nataka chombo kinitoe Kibomet asubuhi, kinifikishe mjini suruali ikiwa bado suruali, kisha kiegemee ukuta kinisubiri bila kudai kitu. Nina watoto wa kulea tayari.

Jirani yangu anasema ninunue ya gia, kama yake. Ina gia 21, mtumba safi, na kila Jumamosi naiona imepinduliwa magurudumu juu, mwenyewe kachuchumaa kando na mswaki wa zamani. Shida ni kile kidude kinachoning'inia kule nyuma kuhamisha mnyororo. Kiko karibu na ardhi, na ardhi ya Kitale kuanzia Aprili hadi karibu Novemba ni tope. Mvua hiyo ndiyo inayotupa mahindi, siilalamikii. Lakini udongo mwekundu ukikutana na mafuta ya mnyororo unafanya kazi ya msasa: unakula meno ya gia taratibu huku wewe ukipiga pedeli na kujisifu kwamba unafanya mazoezi. Kidude kikigonga jiwe kikapinda kidogo tu, mnyororo unaanza kujichagulia gia. Gia 21, na jirani anatumia ile moja iliyokubali.

Binamu yangu aliyeko Ujerumani naye hakukawia. Kwao, anasema, siku hizi kuna baiskeli zisizo na mnyororo kabisa. Zina ukanda wenye meno, haupakwi mafuta, haupati kutu, na gia zimefichwa ndani ya gurudumu. Nikampelekea fundi habari hizo kwa furaha. Fundi wangu ana ofisi chini ya mti, ofisi ya nyundo, spana chache na karai la maji ya kutafutia pancha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akaniambia (mimi si mwalimu, ila nafunga tai), "huo ukanda ukikatika, tunaunga na nini? Blada?"

Nilienda kutafuta jibu. Kumbe ukanda huo hauungwi hata huko kwao. Kwa kawaida fremu yenyewe inabidi iwe na mahali pa kufunguka ndipo ukanda mpya upite. Nikamrudishia binamu Ujerumani yake.

Kuna Buffalo, nayo sina neno baya juu yake. Ni ya World Bicycle Relief, shirika la Wamarekani lililoanza mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, na hapa Kenya zinaunganishwa Kisumu. Chuma kizito, gia moja, karia ya kubeba hadi kilo 100, na breki yake ya nyuma imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu: unakanyaga kinyume, inashika, tope likitaka likasirike. Tatizo lake si la kiufundi. Kwa kuwa wanafunzi wengi hupewa hizo, ukionekana nayo huku umefunga tai utaulizwa ni mradi gani huo na kama bado wanaandikisha watu.

Basi tukabaki na Black Mamba. Ile ile ya mwuza maziwa. Fimbo za chuma badala ya waya wa breki, madigadi mapana, tairi la inchi 28 ambalo hata duka la chumvi na mishumaa kule Chwele linalo. Ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na ukitoka mteremkoni ukakuta kilima utashuka usukume, usidanganywe. Breki zake zikishika rimu zilizolowa ni ushauri tu, si amri. Pini ya krenki hulegea ikaanza kulia "kwa, kwa" kila mguu wa kushoto ukishuka. Dawa yake ni nyundo. Kengele ni kubwa, ingawa ukiwa Bungoma Agosti ya mwaka wa tohara, vijana wakipita na njuga zao za chinyimba, hata trekta la miwa halisikiki.

Lakini kila kinachoharibika fundi anakijua kwa jina na kwa bei. Hilo tu ndilo ninaloita kutosumbua. Na fundi mwenyewe inabidi umpende akiwa hai, maana wanaisha. Bodaboda ilizaliwa Busia mpakani kwa baiskeli kama hizi, ikaenea magharibi nzima. Serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, waendeshaji wakahamia huko na mafundi wakawafuata, na siwalaumu. Pikipiki inaharibika kwa pesa nyingi zaidi.

Nimenunua Mamba. Na sasa nimegundua kwamba kinachochosha baiskeli katika sehemu hizi si tope wala miiba ya michongoma ambayo watu wakikata ua wao wanaitupa njiani. Ni karia. Baiskeli yenye karia ni mali ya ukoo. Jirani anaomba lifti, mama watoto anatuma gunia posho mill, na shemeji akija kutoka Bungoma anaiazima "nifike hapo tu". Hapo tu ni Kiminini. Anarudi jioni nyuma kafunga ndizi kwa blada mpaka gurudumu linaonekana kwa shida, spoku mbili zimekatika, na ananiambia mbele ya dada yake kwamba baiskeli hii yangu nimepunjwa, haiendi.

Nimemwambia fundi ang'oe karia. Mama watoto ameuliza unga utafika nyumbani kwa miguu gani. Suala hilo bado liko mezani.

Shemeji, najua gazeti linafika Bungoma. Krismasi hii njoo, kuku wapo. Baiskeli iko kwa fundi, na fundi anasema haitakuwa tayari mpaka Januari, siku utakayopanda matatu.