Barua ya Wazi kwa Wakaguzi wa Nyumba za Ibada

Mudende,
Wilaya ya Rubavu.

YAH: OMBI LA KUKAGULIWA KWA WAJUKUU WANGU

Waheshimiwa,

Kwa umri wangu ningestahili kuamkiwa na ninyi kwanza, lakini najua desturi ya nchi: mwenye mhuri haamkii, huamkiwa. Basi shikamooni, wanangu.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyouzia viazi Goma tangu ujana, na kwa kuwa tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Kitu kikishakuwa rasmi mimi hukitumia upesi, kabla hakijadaiwa kibali.

Mlipopita huku mwaka 2024 mlikagua kanisa letu la Sabato kwa bidii. Mlipima choo, mkafungua bomba, mkagonga ukuta kusikiliza kama unazuia sauti, mkaangalia vyeti vya mhubiri mbele na nyuma. Tulifaulu, namshukuru Mungu na fundi. Tatizo ni kwamba mlikuja siku ya kazi. Kanisa lilikuwa tupu na wajukuu wangu walikuwa shuleni. Mlikagua jengo lililo salama, na hatari yenyewe hamkuiona. Ndiyo maana naomba mrudi siku ya Sabato, saa tatu asubuhi, kabla watoto hawajamaliza maandazi.

Nieleweke: sheria ya mwaka 2018 ya kusimamia makanisa na misikiti ina mambo ninayoyaunga mkono kwa moyo mweupe. Choo ni choo, hata kwa waliookoka. Na hiyo paratoneri, ile fito ya chuma ya kukinga radi, sina utani nayo. Tarehe 10 Machi mwaka huohuo radi ilipiga kanisa la Waadventista wenzetu kule Nyaruguru, Jumamosi, watu wakiwa ibadani. Walikufa 16. Sisi wa milimani tunaposikia ngurumo huwa hatumalizii sentensi.

Lakini siku fundi alipokuwa akiipandisha ile fito kwenye paa letu, mjukuu wangu wa kike alikuwa amesimama nami chini, ametafuna kola ya sweta mpaka imelowa.

"Babu, hiyo ni ya nini?"

"Ya kuzuia radi isitupige."

"Radi hupigwa na nani?"

Mimi, mzee wa kanisa wa miaka mingi, nikajibu haraka, kama nilivyojibiwa mimi utotoni: "Mungu."

Akatazama paa, akanitazama mimi, akatazama tena paa. "Kwa hiyo tunamzuia asipige nyumba yake?"

Fundi alishuka ngazi kwanza, ndipo akacheka.

Sasa nauliza, Waheshimiwa. Sheria inamtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo, na ilitoa miaka mitano ya kujipanga, ikaisha 2023. Vizuri. Anayejibu ana shahada. Anayeuliza je? Mbona huyo hadaiwi hata cheti cha chekechea?

Msidhani Mudende tunakataa elimu. Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kilifunguliwa hapa hapa kwetu mwaka 1984, vijana wakaja kutoka nchi nyingi kusoma wakitazama mashamba yetu ya viazi. Baada ya 1994 kikahamia Kigali. Yaliyowapata watu kwenye majengo yale mwaka 1994, na tena mwaka 1997 yalipokuwa kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, hayaingii kwenye barua ya utani na siyaingizi. Nasema tu kwamba chuo kilihama, viazi vikabaki, na anayetaka shahada sasa hupanda basi.

Mwalimu wa watoto kwenye Shule yetu ya Sabato naye ana cheti, tena cha kupigiwa mhuri. Hakikumsaidia siku alipofundisha habari za Eutiko, yule kijana aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka orofa ya tatu. (Mngekuwepo Troa siku ile, mngelifunga lile kanisa kabla ya wimbo wa mwisho: dirisha halina kizuizi, taa ni nyingi kuliko kiasi, na mahubiri hayana kikomo.) Madarasa yetu hukaa kwenye pembe za jengo moja, kwa hiyo nilisikia vizuri mjukuu wangu huyo wa kike alipouliza kwa nini aliyelala alikuwa kijana, ilhali kwetu wanaolala ni akina Babu. Darasa zima likageuka kunitazama. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, nilikuwa macho.

Tuje kwenye fedha, maana najua ndipo kalamu zenu huanza kuandika. Mnataka hesabu za makanisa ziwe wazi, na mimi nina mtu wa kuwaazima. Sabato moja sikuwa na chenji. Nikampa binti huyohuyo noti ya faranga 500 nikamnong'oneza, "Toa mia." Shemasi akainama na kikapu. Binti akaiweka noti, akainyoosha kwa kiganja, kisha mbele ya safu nzima akaanza kuokota sarafu. Moja. Mbili. Alihesabu kwa sauti. Ya tatu ilikuwa ya hamsini. Akairudisha, akachakura chini mpaka akapata ya mia. Shemasi hakuondoka, angeondokaje? Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa kikapu. Zilipotimia nne akakiachia, akamwambia, "Asante, tumemalizana."

Huwa naenda naye mpakani na Goma, pale Petite Barrière, ninapofuata madeni yangu ya viazi. Yaelekea huko hakuwa akiangalia viazi, alikuwa akiwaangalia wabadilisha fedha. Lakini semeni kweli: ni kanisa gani mlilokagua, kuanzia Kigali, ambako hesabu ilifungwa papo hapo, mbele ya mashahidi, bila upungufu wa hata faranga moja? Mhazini wetu alishtuka kiasi cha kupendekeza sadaka zote zilipwe kwa simu, kwa MoMo. Jioni ile nikaulizwa kama Mungu yuko MTN au Airtel, na kama mtu akimtumia kimakosa huwa anarudisha.

Lililo kubwa zaidi ni la viazi, nanyi mtaniwia radhi nikilieleza polepole, kwa sababu ndani yake yumo mke wangu, na barua hii ataisoma.

Kila mavuno kanisani kwetu familia hupeleka mbele sadaka ya shamba. Mudende ni viazi, basi sadaka ni viazi. Mke wangu ni mcha Mungu kuliko mimi, hilo halina mjadala, lakini ana utaratibu wake wa kuchambua. Anakaa kwenye kigoda uani na magunia mawili. Viazi vya Kinigi vikubwa, vyekundu, visivyo na kovu, huingia gunia la kulia, la sokoni. Vile vilivyokatwa na jembe, na vile vilivyopigwa jua vikaota rangi ya kijani, huingia la kushoto. Nilipomuuliza la kushoto linaenda wapi aliniambia kanisani, kule vitaombewa.

Mwaka mmoja kikapu kilibebwa na mjukuu wetu wa kiume wa miaka mitano, shati limechomekwa, tai ya babake imefika magotini. Mchungaji, kwa nia njema kabisa, akamshushia kipaza sauti.

"Mwanangu, umemletea Bwana nini leo?"

"Viazi."

"Amina! Na umemchagulia vile vizuri kuliko vyote?"

"Hapana. Vile vizuri ni vya Goma. Bibi alisema hivi mteja hawezi kuvikubali."

Mtambo wetu wa sauti mnaujua, mliupima wenyewe, unafanya kazi vizuri mno. Mke wangu alifungua kitabu cha nyimbo akakitazama kwa makini, kichwa chini miguu juu. Mchungaji, mwenye shahada, akatafuta la kusema, akaomba tusimame tuimbe. Ukuta wenu wa kuzuia sauti ulizuia wimbo usitoke nje, nakiri, lakini habari ya viazi ilifika Busasamana kabla sisi hatujafika nyumbani.

Sabato iliyofuata meza ya mbele ilijaa viazi vyekundu visivyo na doa. Vyetu vilikuwa gunia moja tu kati ya hivyo. Kumbe kila nyumba ilikuwa na bibi.

Mimi nimehubiriwa juu ya utoaji tangu enzi za mkoloni wa Kibelgiji, na wahubiri wa kila aina, wenye vyeti na wasio navyo. Sijaona hotuba iliyobadilisha magunia ya kijiji kizima kwa wiki moja. Mhubiri wa siku hiyo hakuwa na usajili.

Mjukuu wangu mkubwa yeye ni suala la utawala bora, na nalileta kwenu kwa siri ya barua ya wazi. Ana miaka 19. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, huwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na serikali, kwa uungwana, imeturuhusu sisi Wasabato tufanye Jumapili. Basi Jumamosi kijana akiulizwa jembe liko wapi hujibu kwamba yeye ni Msabato. Jumapili akiulizwa hujibu kwamba amealikwa misa na rafiki zake Wakatoliki. Umoja wa makanisa ambao mababa wameutafuta miaka mingi bila kuupata, yeye ameufanikisha peke yake, na mfereji wa mtaa umebaki umeziba.

Kama fomu yenu ina sehemu ya maandalizi ya dharura, hapo tuandikieni alama zote. Tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi. Asubuhi watoto walifundishwa habari za Yesu kurudi mawinguni. Jua lilipozama, anga ya upande wa Goma ikawa nyekundu: volkano ya Nyiragongo imelipuka. Usiku ule maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Gisenyi, na kwa siku kadhaa ardhi ilitikisika, kuta za nyumba zikipasuka Rubavu. Nyumbani kwangu kila mmoja alikimbilia alichokithamini. Mimi nilitafuta redio. Mke wangu alitafuta kuku. Binti wa paratoneri, ambaye wakati huo meno ya mbele hakuwa nayo, hakutafuta kitu. Nilimkuta kizingitini amevaa gauni la Sabato na viatu vya kanisa, amefunga kamba mwenyewe, viatu vimebadilishana miguu.

"Unangoja nini?"

"Yesu. Mwalimu alisema." Akatazama ule wekundu kwa muda, akaonekana kusikitika. "Lakini amechelewa. Sabato imeshakwisha."

Mke wangu, kuku kwapani, alicheka mpaka kuku akamponyoka. Katika nyumba ile yenye mzee wa kanisa na mwimbaji wa kwaya, aliyekuwa tayari ni mmoja.

Nimewachosha, namalizia. Mwaka 2024 zaidi ya nyumba za ibada 5,000 zilifungwa nchini. Nyingine zilistahili, sitetei paa linaloning'inia juu ya vichwa vya watoto, wala nabii anayeuza maji ya bomba kwa bei ya dawa. Lakini ng'ambo ya kilima chetu kuna kanisa dogo la jirani zetu wanaosali Jumapili. Walikosa choo na paratoneri, wakafungwa. Wakachimba choo. Wakauza ng'ombe, wakanunua fito ya chuma, wakaipandisha. Wakaandika barua, siyo ya utani. Kufuli bado iko mlangoni, imeanza kushika kutu. Vijana wao hushuka bondeni kusali mbali, miguu yao ni mizima. Bibi zao hawawezi ule mteremko, hasa mvua ikinyesha na udongo wetu mweusi ukishika viatu, kwa hiyo Jumapili hukaa kwenye baraza wakimenya njegere, na wimbo huanza na kukatika, maana hawana uhakika kama wanaruhusiwa.

Wajukuu wao na wangu hucheza pamoja mbele ya mlango ule. Mchezo wenyewe ni kanisa. Mmoja huwa mchungaji, mmoja shemasi, wengine waumini, na mmoja mkaguzi. Zamani waligombania uchungaji. Sasa wanagombania ukaguzi, kwa kuwa mkaguzi ndiye pekee mwenye kufuli, na hahitaji kukariri fungu lolote.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, kwetu njooni siku ya Sabato. Mtakaa safu ya pili, karibu na binti, na sadaka yenu iwe kamili mkononi msije mkahesabiwa. Kwa jirani zetu njooni Jumapili yoyote iliyo karibu, kabla ya mvua za Septemba. Choo kimeshachimbwa, fito iko juu, kinachokosekana ni ninyi. Njooni na ufunguo.

Wenu mtiifu,
Babu wa Mudende

Nakala: Mke wangu, ambaye ameomba iandikwe kwamba siku hizi magunia yote mawili ni ya kulia.