Barabara Ipite kwa Jirani

Huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, ukimwona mtu mzima anapita na karatasi kubwa iliyoviringishwa, usidhani amebeba kalenda. Huo ni mchoro. Kila aliyeachiwa shamba na baba yake sasa anataka kulikata viwanja auze, na dalali keshampigia hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini ni mita 400. Vinatoka kumi, zinabaki mita 47. Ukimwuliza dalali barabara iko wapi, anakujibu bila haya: si hizo 47!

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haimtambui dalali huyu. Inataka mwenye eneo aombe kibali kwanza kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu sisi ni halmashauri. Wataalamu waangalie kama kila kiwanja kinafikika, maji ya mvua yatapita wapi, na watoto watacheza wapi. Jambo jema kabisa. Tatizo ni kwamba linamhitaji mtu mwema, na mtaani kwetu tunaye mmoja tu.

Mzee wetu huyo aliomba kibali. Halmashauri ikajibu kwamba eneo lake linafikiwa kwa uchochoro wa bodaboda, hivyo majirani wakubaliane kuachia njia. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Hamjaona watu wanaoipenda barabara kama sisi! Mmoja akauliza gari la zimamoto litapitaje. Mwingine akakumbusha habari ya wajawazito. Mita sita zikaonekana ni dharau, tukapandisha hadi nane. Makofi.

Kisha mpima akauliza hizo nane zitoke kwa nani.

Mama mwenye duka akasema anaunga mkono barabara kwa moyo wote, ila upande wake kuna shimo la choo. Jirani wa pili akadai fidia ya migomba ambayo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Wa tatu akainamisha kichwa, akasema pale amelala bibi yake. Bibi yupi? Yule ambaye mtaa mzima tulichanga mwili ukasafirishwa kwenda kuzikwa Singida? Mpima akakunja mchoro wake, akaomba maji ya kunywa.

Mchoro ukarudi halmashauri, na huko nako kuna maajabu yake. Ukimfuata afisa ofisini, yuko saiti. Ukienda saiti, yuko kwenye kikao. Ukingoja kikao kiishe, jalada halionekani. Likionekana, mchoro una kasoro, urekebishwe. Halafu uende ofisi ya ardhi ya mkoa kuidhinishwa, ndipo zije habari za upimaji, bikoni na hati. Mzee wa watu amekonda kuliko jalada lake.

Wakati huo huo, jirani yake wa nyuma, ambaye mlango wa halmashauri haujui, amemaliza kuuza. Karatasi za mauziano zimegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wamepewa soda, wanunuzi wamefika kwenye lenta. Huko hakuna aliyekagua chochote, maana afisa hukagua kilicholetwa mezani, na ambaye hakuleta hana cha kukaguliwa. Atakumbukwa nyumba zikishapauliwa, kwa rangi nyekundu na herufi X ukutani. Hapo ndipo tutakapolia kwamba serikali haina huruma.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliendesha mradi wa viwanja 20,000 katika jiji hili hili. Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma, mchoro ulitangulia, barabara zikafuata, ndipo viwanja vikauzwa. Leo dalali akiwa na kiwanja cha huko, hilo ndilo jambo la kwanza analokutajia, tena kwa sauti ya juu: "Bosi, hiki ni cha mradi!" Kumbe hata yeye anajua mpangilio una bei.

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo. Tokeni mezani, mpite mitaani kabla ya tofali la kwanza, na anayefuata sheria asicheleweshwe kuliko anayeikimbia. Nawe ndugu msomaji, siku ukipelekwa kuonyeshwa kiwanja, kataa kushuka garini mpaka gari lifike kwenye kiwanja chenyewe. Dalali akisema, "Tupaki hapa bosi, tutembee kidogo tu," mwambie dereva ageuze.