Barua ya Wazi kwa Baraza la Wazee: Madeni Yetu Mmeyasoma, Bado Yenu

Waheshimiwa wazee wa kanisa,

Jina la usharika wetu silitaji. Wenyewe mnajijua, na sharika nyingine kadhaa, kuanzia Mwanga hadi Mbeya, zitadhani ni zenyewe zinazosemwa. Zisikatazwe kudhani.

Kwanza niwapongeze kwa utunzaji wa kumbukumbu. Katika nchi ambayo mtu anaweza kufuatilia cheti cha kuzaliwa tangu Kwaresima hadi Majilio, nyinyi mnamjua kila msharika kwa namba ya bahasha yake, ahadi yake ya mwaka, alicholipa na alichobakiza. Jumapili iliyopita, baada ya ndoa kutangazwa kwa mara ya pili na kabla ya kuwaombea wagonjwa, mlitusomea wasiomaliza ahadi ya jengo, jumuiya kwa jumuiya. Usomaji ulikuwa wa taratibu, wenye kituo baada ya kila jina, ili waliosinzia wapate nafasi ya kugeuka na kumtazama mhusika. Babu mmoja aliyebakiza shilingi 15,000 alisomwa kwa sauti ambayo tumezoea kuisikia Ijumaa Kuu tu.

Kumbukumbu hizo hazimwachi mtu hata akifa. Tuliona msibani kwa mama yetu aliyekuwa akiuza maandazi. Jeneza liko sebuleni, masufuria yako motoni, mjumbe wenu akaja kuulizia kadi ya ahadi ya marehemu. Ikaonekana marehemu hakumaliza ahadi ya jengo kwa miaka miwili, ileile aliyokuwa kitandani. Majirani wakapitisha daftari, deni likalipwa kwa simu, mchungaji akavaa joho. Waliotangulia kuchanga ni vijana wa bodaboda wa pale kijiweni, na wawili kati yao ni Waislamu. Risiti ilitoka papo hapo. Sijapata kuona risiti ikitoka upesi namna ile katika shughuli nyingine yoyote ya usharika.

Na mnada wa sadaka! Wageni wanaotoka dini nyingine hushangaa kukuta jogoo amefungwa miguu mlangoni pa kanisa. Hawajui kwamba mayai saba, mkungu wa ndizi na jogoo huyo vinaweza kuingiza fedha kuliko mahubiri ya saa nzima. Mwinjilisti wetu hana mpinzani katika kazi hiyo. Anamjua mwenye mshahara, anamjua aliyepokea mafao juzi, anajua nani na nani hawasalimiani, kisha anamshikisha huyu jogoo na kumwambia yule kwamba mwenzake amefika 80,000. Jogoo hununuliwa, hurudishwa madhabahuni kama zawadi, hunadiwa tena. Nimeshuhudia kuku mmoja akinunuliwa na familia tatu na kuondoka bado ni mali ya kanisa.

Tatizo langu, wazee wangu, ni kwamba ufundi huu wote unaishia kwenye kizingiti cha ofisi ya usharika. Mapato tunayajua mpaka yai la mwisho. Matangazo hutuambia sadaka ya Jumapili iliyopita, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Tukifika kwenye matumizi, tunaambiwa kazi ya Mungu inaendelea. Taarifa kamili ya mwisho ya mfuko wa jengo ilisomwa na mchungaji ambaye tangu hapo amehamishwa mara mbili. Watoto waliobatizwa siku ya kuweka jiwe la msingi wamekwishapata kipaimara, na nondo bado zinachungulia mawingu.

Nilipouliza ofisini, kwa adabu, nilikumbushwa habari ya mkono wa kushoto usiopaswa kujua la mkono wa kulia. Nikaenda nyumbani kulisoma fungu hilo tena. Linamhusu mtu anayetoa, asijitangaze. Kwetu limegeuzwa: mtoaji anatangazwa kwa kipaza sauti, na mtunza hazina ndiye anayetunziwa siri.

Kwa kuwa mnapenda tujibizane kwa Maandiko, someni Wafalme wa Pili sura ya 12. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wakusanye fedha na kutengeneza mabovu ya hekalu. Ukafika mwaka wa 23 wa utawala wake, fedha imekusanywa, nyufa ziko palepale. Mfalme hakuitisha mfungo. Aliwazuia makuhani wasipokee fedha tena, na kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu, wakazifunga mifukoni, zikaenda kwa maseremala, waashi na wachonga mawe.

Najua kuna mzee mwenye kuijua Biblia atakayenirukia na mstari wa 15, unaosema waliokabidhiwa fedha za mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli. Lakini wale walisamehewa hesabu huku nyundo zinasikika, na baada ya fedha kuhesabiwa na watu wawili kutoka ofisi mbili tofauti. Nasi tuonyesheni seremala mmoja tu, tutawasamehe hesabu.

Paulo naye, mtume aliyeangaziwa na nuru kwenye njia ya Damasko, hakuona kwamba nuru ile inatosha kumsafirisha na mchango wa watakatifu wa Yerusalemu. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili, mmoja wao amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asipatikane wa kunung'unika kuhusu fedha zile. Mwenye kubeba mfuko peke yake katika Injili yupo, anatajwa na Yohana sura ya 12, nanyi mnalijua jina lake.

Jambo jingine dogo. Kila msimu wa mavuno tunahubiriwa senti mbili za mjane, Marko 12 kuanzia mstari wa 41. Ningeomba mwaka huu somo lianzie mstari mmoja nyuma. Humo Yesu anawataja viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Mistari hii miwili inafuatana, ila kwetu ule wa 40 huwa likizo.

Nije kwa mgeni rasmi. Harambee ya mwisho mheshimiwa alikuja na msafara, ibada ikasogezwa saa moja mbele kumsubiri, akapewa kiti kilicho karibu na madhabahu kuliko cha mzee wa kanisa, na kipaza sauti akakishika muda mrefu kuliko mhubiri. Hakuna aliyemuuliza kadi. Hakuna aliyemuuliza jumuiya yake, wala fedha aliyotoa ilitoka wapi wakati zahanati ya kata yake haina dawa. Babu wa 15,000 alikuwa amekaa nyuma karibu na spika, akapiga makofi.

Wenzetu wa Nairobi wametutia aibu. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia ya Soweto: shilingi milioni 2 za Kenya za nyumba ya padre, na 600,000 za kwaya na watoto wa Utoto Mtakatifu. Shilingi 200,000 za gavana Johnson Sakaja nazo zikarudi. Milioni 3 nyingine zilizoahidiwa, pamoja na basi, zikakataliwa kabla hazijafika. Kwetu agizo kama hilo lisingetekelezeka, na wala si kwa kukosa ujasiri. Ili fedha irudishwe, sharti kwanza ajulikane mtu anayejua iliko.

Na kila mwisho wa Oktoba tunaadhimisha Matengenezo ya Kanisa. Kwaya zinashona sare, tunasimuliwa Wittenberg, tarehe 31 Oktoba 1517, hoja 95 za Luther. Hatusimuliwi kwamba ugomvi ule ulianzia kwenye mchango wa jengo. Vyeti vya msamaha alivyovinadi Johann Tetzel vilitangazwa kuwa ni vya kujengea Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, huku nusu ya makusanyo ikienda kimyakimya kulipa deni ambalo Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa akidaiwa na benki ya akina Fugger. Hoja ya 86 inauliza kwa nini Papa, mwenye utajiri wote ule, asijenge kwa fedha zake badala ya za waumini maskini. Kwa kipimo cha ofisi yetu, Luther angesomwa kwenye matangazo kama mwenye roho ya uasi na kunyimwa sakramenti mpaka amalize ahadi.

Hapa niseme bila utani. Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Sisi wa madhehebu ya zamani tulitikisa vichwa. Tukasema yale ni makanisa ya mtu mmoja, sisi tuna katiba, tuna dayosisi, tuna wakaguzi. Tofauti hiyo ni ya kweli siku katiba inapofuatwa. Isipofuatwa, tumebaki na majoho na kinanda, na kijana anayehama kwetu kwenda kwa nabii haoni alichokiacha. Vijana wengi wa namna hiyo hawakuhama kwa ajili ya miujiza. Walichoka kusomwa majina na watu wasiosomwa.

Ninaloomba si kubwa. Kabla ya mavuno ya mwaka huu, itisheni mkutano mkuu wa usharika na msome mfuko wa jengo kwa sauti ileile na kituo kilekile mnachotumia kutusomea sisi: kilichoingia, kilichotoka, kililipwa kwa nani, kilichobaki benki. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni, pale anapofungwa jogoo. Mkaguzi atoke dayosisi, asiwe shemeji ya mtu. Kwenye misiba acheni kuulizia kadi. Marehemu akizikwa, daftari lenu litabaki pale pale.

Nanyi washarika wenzangu, msijifanye hamumo katika barua hii. Mkutano ukiitishwa huwa tunakwenda shamba, kisha tunanong'ona kwenye jumuiya. Safari hii njooni, na msomaji wa taarifa akifika kwenye neno "mengineyo", nyosheni mkono.

Ni mimi msharika wenu, ambaye ahadi yake ya jengo imekwishalipwa. Risiti ninayo.