Jerikeni la Mama Mkwe

Jerikeni lenyewe lilikuwa la njano, la lita tano, na lilifika kwetu Gudele ndani ya raksha, limepakatwa kama mtoto mchanga. Mama mkwe alishuka nalo mwenyewe, akakataa kupokewa. Alikuwa ametoka soko la Konyokonyo, ambako muuzaji mwenye spika alikuwa akinadi dawa ya presha, sukari, mgongo na pumu. Ilipotajwa pumu, Mama akafungua pochi.

Anaugua pumu tangu ujana, na Juba haimhurumii. Kiangazi kuna vumbi la barabara, usiku jenereta za majirani, alfajiri moshi wa makaa. Ana inhela mbili, na anazijua kwa rangi. Ya buluu ni salbutamoli. Hulegeza misuli inayobana njia za hewa, na baada ya dakika chache mtu anapumua. Ya kahawia ni beklometasoni. Hiyo hutuliza uvimbe ndani ya njia hizo, taratibu, asubuhi na jioni, hata siku ambazo hakuna kikohozi. Ukiivuta husikii lolote. Ndiyo maana wagonjwa wengi huiacha kwanza, ilhali ndiyo inayowakinga.

Mama naye aliiacha. Aliifungia sandukuni, akawa anakunywa glasi ya jerikeni kila asubuhi. Kinywaji kilikuwa cheusi, kichungu, chenye asali na tangawizi, na kingine ambacho hakuna aliyekijua. Haikupita wiki akatangaza mezani, "Wanangu, kifua kimefunguka." Mume wangu akafurahi. Watoto wakampigia makofi haboba, yaani bibi yao. Mimi nikaenda kuchukua kipimo.

Kipimo chetu ni bomba la plastiki lenye mshale mdogo. Unavuta pumzi ndefu, unapuliza mara moja kwa nguvu zote, na mshale unasimama kwenye namba ya lita kwa dakika. Akiwa mzima, Mama hufika 340. Asubuhi ile, huku anatabasamu, alifika 210.

"Kimeharibika," akasema. Mume wangu akapuliza, watoto wakapuliza, na kila mmoja akapata namba yake ya kawaida. Mama akanitazama kwa utulivu. "Mwanangu, kifua ni changu au ni cha hilo bomba?"

Swali hilo nililiheshimu na bado naliheshimu, kwa sababu Mama hakuwa anadanganya. Mwaka 2011 madaktari wa Boston walichapisha utafiti waliowafanyia watu 46 wenye pumu. Kila mgonjwa, kwa nyakati tofauti, alipewa inhela ya salbutamoli, inhela isiyo na dawa, sindano bandia za Kichina, au hakupewa kitu. Walipoulizwa wanajisikiaje, waliopata inhela tupu na sindano bandia walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliopata dawa. Mapafu yalipopimwa, dawa ilikuwa imeongeza pumzi kwa asilimia 20 hivi, na vile vingine vyote, pamoja na kutopewa kitu, kwa asilimia 7 hivi. Nafuu ile ilikuwa ya kweli moyoni mwa mgonjwa. Njia za hewa hazikuwa na habari nayo. Kwa maumivu au kichefuchefu, nafuu ya namna hiyo ina thamani yake na siidharau. Kwa pumu ni hatari, maana humwambia mtu apumzike wakati anapaswa kukimbilia dawa.

Nilipomweleza hayo, Mama alinijibu kwa kisa cha Loliondo, Tanzania. Mwaka huo huo wa 2011 alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na habari za kikombe cha Babu zilifika hadi huko. Babu huyo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge huko Loliondo, aligawa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Kikombe hicho kilisemwa kuponya Ukimwi, kisukari, pumu na mengine. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, mawaziri wakanywa, na wagonjwa wengine wakafia barabarani wakisubiri zamu. Mama hakupata nauli ya kwenda, na kwa miaka yote hiyo amehesabu kwamba alikosa uponyaji. Nilipomwambia kuwa wapo waliorudi kutoka huko wakaacha dawa zao za Ukimwi, alinyamaza, kisha akajimiminia glasi nyingine.

Hatimaye jerikeni lilijiamulia. Asali ilichacha kwa joto la Machi, na jerikeni lilikuwa limewekwa karibu na jiko. Jioni moja kifuniko kiliruka hadi kwenye mabati, na kinywaji cheusi kikatapakaa kwenye unga, ukutani na kwenye sare za shule zilizokuwa zimeanikwa ndani. Binamu ya mume wangu, msichana mwenye bidii, akaleta dawa ya klorini ya kuondolea madoa. Akamwaga chupa nzima, akaanza kusugua, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu.

Mvuke wa klorini hubana hata kifua cha mzima. Mama alianza kukohoa, kisha kikohozi kikakatika, jambo ambalo ni baya zaidi. Alikaa ameinama, mikono magotini, ngozi ya shingo ikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Tulimtoa uani. Nilikuwa na chupa ya maji ya nusu lita niliyoitoboa zamani kwenye kitako kwa waya wa moto, tundu linalobana mdomo wa inhela ya buluu. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya namna hiyo, ikizibwa vizuri, hufungua kifua sawa na kifaa cha dukani. Imetengenezwa nyumbani kama dawa ya jerikeni, lakini mtu aliijaribu na kuipima kabla ya kumpa mgonjwa tegemeo. Mpulizo mmoja, Mama akipumua ndani ya chupa, kisha mwingine, huku mume wangu akimgongea jirani mwenye gari. Kusafiri usiku Juba si jambo la kuamua kirahisi. Kwenye kliniki walimpa oksijeni na prednisoloni, na alfajiri aliongea sentensi nzima.

Inhela ya kahawia imetoka sandukuni. Chai ya tangawizi anakunywa apendavyo, na simzuii. Kila asubuhi hupuliza, na mjukuu wake mkubwa huandika namba daftarini.

Juzi alirudi Konyokonyo na bomba lake mkobani. Alimtaka muuzaji alete mgonjwa mmoja wa pumu apulize kabla ya kunywa, apulize tena baada ya siku saba, watu wote wakiona. Muuzaji akampunguzia bei. Mama akarudia dai lake, kwa Kiarabu cha Juba na kwa sauti ya juu, mpaka mama wawili waliokuwa wameshatoa pesa wakazirudisha pochini na kumwuliza bomba hilo linauzwa wapi.