Ubao Mmoja, Matundu Matatu

Mchezo wa kuteleza thelujini kwa ubao mmoja ulizaliwa bila bajeti. Siku ya Krismasi mwaka 1965, mjini Muskegon, jimbo la Michigan, bwana mmoja aitwaye Sherman Poppen aliwatafutia mabinti zake la kufanya. Alichukua skii mbili, akaziunganisha ubavu kwa ubavu, watoto wakasimama juu yake na kuteremka nazo kilimani. Hapakuwa na vishikizo vya miguu, mabuti maalumu, wala miwani yenye rangi za upinde wa mvua.

Leo anayeanza akiingia dukani hapa Denver na kutaka kila kitu kipya, ubao utamla dola 400 hivi, vishikizo 200, mabuti 200 nyingine, na hapo bado hajavaa nguo. Kisha ipo tiketi ya lifti, ambayo katika vituo vikubwa vya Colorado, ukiinunua dirishani siku hiyohiyo, huvuka dola 200. Kwa siku moja! Na unachonunua ni ruhusa ya kuanguka.

Habari za Poppen aliniletea shemeji yangu, ambaye tangu azisome hakupata usingizi. "Shem," aliniambia, "mwenzetu alifunga vipande viwili vya mbao, leo hii dunia nzima inamjua. Sisi tunashindwa wapi?"

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mimi ni mtu wa Tanga. Utani wetu hauna likizo. Bwana huyu anaamini theluji ni mali ya ukoo wao, na kila baridi ya Colorado inapokaza hunitazama kwa huruma, akisema watu wa pwani tumeumbwa kwa ajili ya madafu. Nimemweleza mara nyingi kwamba Marangu hakuna theluji, kwamba wanaiona kwa mbali tu huko juu, na siku ya mawingu hawaioni kabisa. Hasikii.

Aliyewasha moto ni binti yangu, ambaye darasani kwao kila Jumatatu wenzake husimuliana walivyoteleza. Akaomba naye aende. Nilijibu "tutaona", na kila mtoto wa Kiswahili anajua maana ya jibu hilo. Bahati mbaya mjomba wake alikuwa sebuleni.

Akaanza kunihubiria habari za Philip Boit, Mkenya aliyepelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri pale mwisho wa mbio amkumbatie. Boit alikuja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Ni kisa kizuri, nami hukipenda. Lakini nilimkumbusha shemeji kwamba Boit alikuwa na kampuni ya Nike nyuma yake. "Nyuma ya binti yangu nani yupo?"

"Mimi," akasema.

Basi tukaanza na ubao. Shemeji aliuona kwenye simu, ukiuzwa na kijana mmoja kwa dola 80, tukakubaliana kukutana naye kwenye maegesho ya magari. Kijana, kwa nia njema kabisa, akamuuliza shemeji kama yeye ni regula au gufi. Shemeji hapendi kuonekana mgeni. Akajibu kuwa yeye ni midiamu.

Kumbe swali lilihusu mguu upi unatangulia: wa kushoto, wewe ni regula, wa kulia, wewe ni gufi. Vishikizo hufungwa kwa kufuata hilo. Kijana alimtazama kidogo, akaamua yasimhusu.

Ikaja bei. Shemeji alitaja dola 25, akashika kiuno, akaukagua ubao kwa dharau, akasema rangi imekwisha. Kijana akasema ni 80. Shemeji akatumia silaha yake kubwa, akageuka na kuondoka polepole. Kariakoo ukigeuka hivyo hupigi hatua ya tatu kabla hujaitwa: "Bosi, njoo, tuongee!" Huyu kijana alimtakia siku njema, akaanza kuurudisha ubao garini. Shemeji alifika karibu na barabara akisubiri kuitwa. Ilibidi arudi mwenyewe, alipe 80, tena aombe radhi kwa usumbufu.

Vishikizo tulivipata kwa mtu mwingine, na nyumbani tukatoa bisibisi. Hapo ndipo kazi ilipokwama. Ubao huwa na matundu ya chuma yenye nyuzi ndani, ambamo skrubu za vishikizo huingia. Mbao nyingi zimepangwa matundu manne kila mguu. Kwa miaka mingi, hata hivyo, ziliuzwa mbao nyingine zenye mpango wa matundu matatu, na vishikizo vya matundu manne havikubali matatu mpaka upate kisahani maalumu cha kuunganishia. Ubao wetu ulikuwa na matatu. Vishikizo vilitaka manne.

Shemeji hakuona tatizo. Akaenda kuazima dreli kwa jirani.

Nilijaribu kumweleza kwamba yale si matundu ya kutoboa tu, kwamba ndani kuna chuma kilichowekwa kiwandani, na kwamba ubao ukitobolewa ovyo maji huingia hadi kwenye mti wa ndani ukaanza kuoza. Alikuwa amekwisha vaa miwani ya kazi. Aliyeokoa jahazi ni mke wangu, ambaye aliitazama dreli, akautazama ubao, akatazama zulia lake, na kusema neno moja tu: "Kaka." Dreli ikarudi kwa mwenyewe.

Hata kama matundu yangekubali, ubao wenyewe haukumfaa shemeji. Ulikuwa na urefu wa sentimita 163. Shemeji ana sentimita 168 na uzito wa kilo 65 akiwa amekula. Zamani watu walipima kwa kuusimamisha ubao mbele yao waone kama ncha inafika kati ya kidevu na pua. Siku hizi kinachoangaliwa zaidi ni uzito, na mtu wa kilo 65 anayejifunza hutakiwa kuwa karibu na sentimita 150 hivi, kwa sababu ubao mfupi na laini hugeuka kwa urahisi. Ule wa kwetu ulifaa jitu la kilo 90 lenye haraka. Binti alipousimamisha ukampita kimo.

Sasa nije kwenye mabuti. Hapa ningependa msomaji akae vizuri, kwa kuwa fedha yote ya mchezo huu, kama unayo kidogo, iishie kwenye mabuti.

Sisi tuliokulia kwenye mitumba tuna macho. Mtu aliyezoea kuchambua belo pale soko la Karume hadanganywi kwa shati: anaangalia kola, anaangalia kwapa, anavuta zipu, anajua. Ndiyo maana shemeji aliingia kwenye duka la vitu vilivyotumika akiwa amenyanyua kichwa. Alitoka na mabuti ya dola 12, meusi, yanang'aa, hayana hata mkwaruzo. Kiatu kisicho na mkwaruzo kwa bei hiyo kinapaswa kukutisha. Maana yake kimekaa kabatini miaka mingi, na gundi hufa ikiwa imekaa vilevile, bila kuvaliwa.

Tena alichukua namba moja kubwa kuliko mguu wake, apate nafasi ya soksi mbili. Ni mafunzo tuliyopewa na wazazi kila Januari, tuliponunuliwa viatu vya shule vya kuvaa mpaka darasa la saba. Kwenye ubao mambo ni kinyume. Buti linatakiwa kubana: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke kabisa. Ubao unaongozwa kwa kukandamiza vidole au kisigino. Mguu ukiogelea ndani ya buti, wewe unakata kushoto na ubao unaendelea na safari zake. Soksi ni moja tu, ya sufu au ya nailoni, si pamba.

Nguo nazo zina kioja chao. Koti linalozuia maji huandikwa namba, kwa mfano 10,000, yaani kitambaa kinaweza kustahimili nguzo ya maji yenye kimo cha milimita 10,000, sawa na mita 10, kabla hakijaanza kuvuja. Makoti hayo mapya ni ghali kwelikweli. Na unajua mengi ya zamani yako wapi? Yako migongoni mwa madereva wa bodaboda. Nikiwa nyumbani nimemwona kijana wa pikipiki asubuhi ya baridi Lushoto amevaa koti la skii lililo kamili, lenye mfuko wa tiketi kwenye mkono na sketi ya ndani ya kuzuia theluji isipande kiunoni. Amelinunua mnadani kwa bei ya wali na maharage. Mimi niko kwenye nchi ya theluji, natafuta koti hilohilo, nalikosa.

Lakini koti si hoja kubwa. Anayejifunza ubao muda wake mwingi hayuko wima, amekaa chini akifunga vishikizo, akifungua, au akitafakari. Suruali ndiyo inayofanya kazi. Dukani wanauza na kaptura zenye mito ya kukinga makalio, na shemeji alipoona bei yake alicheka kwa sauti. Akarudi nyumbani, akachukua sponji ya mto wa kochi la zamani, akaikata vizuri, akaishonea ndani ya suruali ya jinzi.

Jaribio tulilifanya kwenye kilima cha bustani ya jirani, ambako watoto huteleza kwa sahani za plastiki. Vishikizo tulikwisha vipatia kisahani chake, kwa hiyo ubao ulikuwa tayari. Shemeji akajifunga, akasimama, akapunga mkono kwa binti aliyeshika simu ya kupiga picha. Ubao ukaondoka. Soli ya buti la kushoto ikaondoka nao. Sehemu ya juu ya buti, pamoja na mguu wa shemeji na soksi zake mbili, ilibaki pale pale.

Alikaa. Jinzi ni pamba na sponji kazi yake tunaijua. Theluji ikayeyuka kwa joto la mwili, sponji ikanywa, na bwana alipojaribu kuinuka alikuwa amebeba ndoo nyuma. Kutoka kilimani hadi garini alitembea akidondosha maji, mguu mmoja na soksi, huku watoto wa Kimarekani wakimpisha kwa heshima. "Mjomba," binti akamwambia, "hii video naituma Marangu."

Baada ya hapo nilichukua uongozi, na uongozi wenyewe ulikuwa kukodi. Maduka ya mjini hukodisha ubao na mabuti kwa bei ya chini kuliko kule mlimani, na watoto wanaoongezeka kimo hukodishiwa kwa msimu mzima. Vituo vingi pia huuza kifurushi cha wanaoanza: somo, vifaa na lifti ya mteremko mdogo, vyote kwa pamoja. Ungedhani wangekiwekea bango kubwa barabarani.

Dukani mhudumu alitaka kujua shemeji anatanguliza mguu gani. Safari hii shemeji hakujibu. Mhudumu akazunguka nyuma yake na kumsukuma kidogo mgongoni ili aone mguu utakaotoka. Ndivyo wanavyopima. Lakini mtu mzima wa Marangu hasukumwi na kijana hadharani bila maelezo, na ilinibidi nisimame katikati yao. Ulitangulia wa kulia. Ni gufi.

Viwili tulivinunua vipya. Kofia ngumu ni kimoja, maana sponji ngumu ya ndani ikishabonyea kwa pigo hairudi, na kwa nje huwezi kuona. Kofia ya mtumba ni kamari ya kichwa. Kingine ni vikinga vifundo vya mikono, kwani anayeanza huanguka akitanguliza viganja, na kifundo cha mkono ndicho huvunjika zaidi. Kisha kuna gharama ambayo hakuna aliyetuambia: matairi. Barabara ya I-70 inayopanda milimani, kuanzia Septemba hadi Mei, ina sheria ya matairi ya kufaa theluji au minyororo, na gari la shemeji lilikuwa na vipara vinne. Hayo yalizidi bei ya vyote nilivyotaja.

Tulikwenda Loveland, kituo kilicho karibu na mlango wa handaki la Eisenhower. Chini yake tu, pale pa kuegesha magari, ni zaidi ya mita 3,200, yaani juu kuliko kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro. Mtu wa Marangu alipanda ngazi za jengo la tiketi akasimama katikati kuvuta pumzi, nami nikamwuliza kama angependa dafu. Binti alijifunza haraka na sasa anakata kona. Shemeji anateremka kwa makalio, kwa kaptura ya dukani yenye mito, na anasema hana malalamiko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye Denver, Minneapolis au Toronto, kodi kwanza, na ukipata fedha nunua mabuti mwezi Aprili, msimu unapokwisha na maduka yanataka kupisha bidhaa za kiangazi. Ubao uache. Au kama wewe ni mtu wa kilo 90, ninao mmoja: sentimita 163, matundu matatu kila mguu, kisahani chake kipo, haujatobolewa. Bei ni maelewano, na ukigeuka kuondoka nitakuita.