Sifa Zimwendee Kiboko, Fundi wa Maji

Simba ameshasifiwa vya kutosha, na tembo ana wapambe wake katika kila kambi ya wageni pale Tungamalenga. Leo, kwa niaba ya sisi wa Idodi tunaopitwa na magari ya Hifadhi ya Ruaha na kuachiwa vumbi, namsifu kiboko.

Wafugaji wa samaki wa mapambo hawajui raha. Mtu ananunua mtambo wa kuchuja maji, anaufunga chini ya sinki, maji ya bomba yanasukumwa kwa nguvu kwenye utando ambao hata chumvi haiupenyi. Kwa kila lita safi, lita tatu au nne zinamwagwa. Kisha, kama samaki wake ni wa Ziwa Tanganyika waliozoea maji yenye madini tele, bwana huyo anashika kijiko na kurudisha chumvi aliyotoa pesa iondolewe.

Kiboko hamwagi hata tone. Usiku anapanda nchi kavu, anakula majani kilo 40 hivi, alfajiri anarudi dimbwini na mzigo wake. Anageuza makalio, mkia unazunguka kama feni, dawa inasambaa hadi puani mwa jirani. Wazee husimulia kwamba alimwahidi Mungu kutawanya kinyesi hivyo ili ionekane hamna mwiba wa samaki ndani yake. Na kweli, samaki hamli.

Ufundi wake hukamilika kiangazi. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 hukatika kiangazi, na viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyosalia. Bakteria wanaoozesha kinyesi humaliza oksijeni. Utafiti uliofanywa kwenye mto huu na kutolewa 2018 ulionyesha kuwa aina za samaki hupungua katika madimbwi hayo. Perege huja juu kutweta, halafu huelea ubavu. Kambare hana habari: juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo anapanda, anapiga funda moja, anazama. Mteja asiyelalamika ndiye huyo.

Wabaya wake husema ameuchafua mto. Uchongezi mtupu! Mto ulipokuwa unatembea, kinyesi hichohicho kilibebwa na kulisha wadudu na samaki hadi mbali. Kiboko hajaongeza kipimo. Kilichopungua ni maji, na sehemu kubwa huishia kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga ya Usangu, kwa watu wanaokula wali usionuka chochote. (Nami naupenda wali wa Mbeya, tusigombane.)

Basi apewe kiti kwenye bodi ya maji ya bonde. Atakuwa mjumbe pekee anayelala ndani ya kile anachokisimamia, na posho ya kikao hataidai. Ila zamu yake ya kuchangia ikifika, wajumbe wasikae upande wa mkia.